Piki Inayofikiri Iko Goma

Katoyi, Goma, tarehe 9 desemba 2023

Kwa mukwe wangu Kambere Zéphirin, kule Vitshumbi

Salamu. Miye niko muzima, mukono muzima, macho inaona ufa wa pistoni bila miwani. Soma pole pole, herufi zangu ni za mutu wa kazi. Padri alinifukuza kalasi ya ine juu nilifungua saa ya ukuta ya misheni nione moyo yake. Niliirudisha ikatembea kupita zamani, na bado alinifukuza. Tangu siku ile naona wenye masomo jinsi walivyo.

Mama Louise, yule anayeleta samaki za kwenu, amenipa barua yako. Aliiweka katikati ya samaki wa chumvi, nimeisoma nikifunga pua. Na samaki ndiyo ilinuka kidogo kupita barua.

Unasema piki inakohoa. Unaniambia miye! Unajua ile piki ni nini? Ile ni indongoranyo. Kwenu Butembo, kule ulizaliwa, hamujui, basi nikufundishe: baba akishapokea ng'ombe za mahari ya binti yake, anarudishia watoto ng'ombe moja waanzie nyumba. Ng'ombe zangu za Masisi zililiwa na watu wa bunduki, zikaliwa pamoja na ndama zao, walibakisha kamba tu. Ndiyo maana nilikupa piki. Piki ya injeksio, ile isiyo na karburateri, niliinunua mupya mwaka ule wa volkano, 2021, nikaichunga miaka miwili kama yai. Katoyi–Birere, Birere–Katoyi, siku ya Mungu mupaka misa. Haikukohoa siku moja. Imefika kwako wiki tatu, inakohoa. Sasa mugonjwa ni nani, piki ao mwenye kuipanda?

Halafu unaniandikia kama fundi kwa fundi. Weye unatengeneza vimoteri vya pirogi za wavuvi, vitu vinavyokaa majini kama bata. Una diplome ya ufundi, na kale kakibati kenye kioo, unakachomeka kwa piki ndiyo kakuambie ugonjwa. Fundi anayeuliza kibati! Miye nilitengeneza piki za mapadri. Za waasi wa 96, za waasi wa 98, za waasi wa 2012, na za serikali katikati yao. Wote walifika na hasira, wote waliondoka wakiimba. Mwaka wa 2002 lava ilikula atelie yangu ya kutengenezea piki kule Birere, nikatoka na karburateri tatu mufukoni na turnevisi ya kuzungusha ekru mudomoni. Asubuhi ya ukungu, nafungua mafuta ya karburateri, robo ya muzunguko wa ekru. Jua ya saa sita, nafunga robo. Mutu anapanda Masisi, hewa inakuwa nyepesi, nafunga nusu. Natoa buji, ile ya kuwasha moto ndani ya moteri, naangalia rangi: nyeupe, piki iko na njaa; nyeusi, imekula kupita; rangi ya maharagwe, nenda safari. Sikio na buji, basi. Gumba langu la kushoto, hili fupi, cheni ililikata mwaka wa 79, linajua hali ya hewa kupita redio.

Siku hizi munasema piki inajipima yenyewe kama mvua inakuja. Sawa. Lakini hata hiyo nilishaisaidia. Ile piki nimeifanyia kinga ya majivu ya volkano. Siri yangu. Wachina wenyewe walioiunda hawaijui.

Kwa hiyo acha kuisemea vibaya. Na binti yangu Charline usimujaze upuzi, yuko na mimba, mutoto atazaliwa na uso kama wako.

Miye, Hategekimana Anastase
fundi mukubwa wa piki zote


Vitshumbi, tarehe 27 desemba 2023

Papa mukwe muheshimiwa,

Tumepokea barua yako kwa furaha. Charline ameisoma mara mbili, akacheka mara mbili, sehemu zisizo sawa na zile zilizonichekesha mimi. Anaziweka barua zako zote ndani ya mfuko wa kadi yake ya mimba. Anasema simu zinaanguka ziwani, karatasi inabaki. Na kweli hapa réseau ya simu inakuja kama mgeni, inasalimia na kuondoka.

Papa, sikutukana indongoranyo. Naomba unisikilize kama vile ungemsikiliza muteja tu, si mukwe.

Hapa ziwani, ambapo ni chini na hewa ni nzito, piki haina nguvu. Asubuhi yenye baridi inakataa kuwaka mpaka niisukume na kuimba. Nimetoa buji kama unavyofundisha: nyeupe. Njaa. Halafu wiki iliyopita nilipanda nayo escarpement ya Kabasha, ule mulima uliosimama kama ukuta, kwenda Kanyabayonga kutafuta vipuri. Kule juu ilianza kutoa moshi mweusi kama jiko la matofali, ikajikwaa, ikazimika. Nimetoa buji: nyeusi. Piki moja, buji moja, rangi mbili kwa siku moja. Wewe mwenyewe utasema ni ugonjwa gani huo.

Nikachomeka kile unachoita kakibati. Ndani ya hizi piki kuna kapteri inayopima uzito wa hewa, ndiyo inaiambia injeksio itoe mafuta kiasi gani. Kapteri inafanya kazi. Lakini hapa ziwani inasema namba ya hewa ya Goma. Juu Kanyabayonga, bado inasema hewa ya Goma. Mvua, jua, chini, juu: Goma. Piki inafikiri iko Katoyi mbele ya mulango wako.

Naomba ruhusa yako nifungue sehemu ya kuingiza hewa, niangalie. Si kwa kiburi. Wanajeshi wanaopita hapa wanasema waasi hawako mbali na Rwindi. Wakifika, sisi wa Vitshumbi tunabaki na ziwa nyuma na Kabasha mbele. Charline ana mimba ya miezi mitano. Mimi sitaki kumshusha katikati ya ule mulima na kumwambia amalizie kwa miguu.

Mukwe wako,
Kambere Zéphirin


Katoyi, tarehe 20 janvier 2024

Kambere,

Nimechelewa kujibu juu nilikuwa na kazi. Atelie yangu inajaa mupaka barabarani. Wamotari wote wa Katoyi na Munigi, wale wanaobeba watu kwa piki za injeksio, wanakuja kwangu, hakuna anayeenda kwa wenye vibati.

Nimesoma mambo yako ya kapteri. Maneno mingi. Mutu asiyejua kuendesha anasema mulima ni murefu, mutu asiyejua kutengeneza anasema kapteri. Eti piki inafikiri! Piki haifikiri. Ile inafikiri iko Goma, na weye kichwa yako inafikiri iko wapi? Labda Ulaya.

Nakuambia shida yako: unaweka esanse ya bidoni za Vitshumbi, mafuta iliyochanganywa na maji ya ziwa na mikojo ya viboko. Na unashikilia ambreyaji, ile ya kubadilisha gia, kama mutu anayeshika nyoka. Nilikuona siku ya harusi unatoka pale kwangu na piki, ukaruka kama chura mbele ya wageni wote, nikasema kwa moyo, Mungu wangu, na huyu ndiye amechukua binti yangu wa mwisho.

Kufungua, HAPANA. Sikiliza vizuri. Kwetu indongoranyo haifunguliwi, haikatwi, haiwekwi alama, mupaka yule aliyeitoa afike kwa nyumba ya watoto, akae, akule. Bado sijafika. Bado sijakula. Kwa hiyo ekru hata moja usiguse. Hasa kale kasanduku keusi ka upande wa kushoto kenye katundu, kaache hivyo hivyo, usikaguse, usikachokonoe. Ukikagusa umenitukana miye na wazee wangu wote mupaka Rutshuru.

Na mambo ya waasi usimutishe Charline. Miye nimeona waasi kupita idadi ya meno yako. Wanakuja, wanapita, wanaleta piki zao zitengenezwe.

Miye, Hategekimana Anastase
fundi mukubwa wa piki zote


Vitshumbi, tarehe 12 février 2024

Papa mukwe,

Sijagusa. Umekataza, nimetii. Mama yangu alinilea nisibishane na baba wa muke wangu, na sasa naona alinilea vibaya.

Niliuliza wazee watatu wa Rutshuru walioko hapa juu ya ile desturi ya kutofungua. Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema hajaisikia tangu azaliwe. Wa tatu aliuliza jina lako, nikalitaja, akasema, «Anastase wa gumba? Basi hiyo desturi ameizaa yeye mwenyewe.» Lakini Charline anasema hata kama umeizaa jana, ni yako, tuiheshimu. Muke wangu ana moyo mukubwa. Sijui ameutoa wapi.

Tunasikia mizinga mchana, upande wa kusini. Wenye pirogi wanapeleka wake zao ng'ambo, lakini ziwa lina mawimbi na Charline anatapika akiona maji tu. Tumekubaliana: siku ikifika, ni Kabasha, kwa piki.

Naomba jibu moja tu, kwa neno moja kama unataka. Ile kinga ya majivu uliyoifanya, ni nini?

Kambere


Katoyi, tarehe 2 mars 2024

Kambere,

Usisome hii barua kwa sauti. Somea pembeni.

Jana Viateur wa Munigi amerudi. Ni motari, umemuona siku ya harusi, yule wa meno ya dhahabu. Alipanda Masisi kumutoa mama yake na wadogo zake, akapakia na magodoro. Piki yake ni ya injeksio, na yenyewe niliifanyia kinga. Hapa Goma inaimba. Kule juu ilianza kutoa moshi mweusi, ikafa, akaisukuma na godoro kichwani. Alinitupia ufunguo kifuani, mbele ya watu, akasema, «Muzee, umeiroga?» Nilimuambia esanse yake ni mbaya. Akasema ameinunua pale nilimutuma.

Alipoondoka nilifunga mulango wa atelie saa ine ya asubuhi, kitu sijafanya tangu 2002.

Sasa sikiliza. Mwaka wa volkano majivu ilianguka siku tatu. Iliingia mu chai, mu macho, mu silindri. Nilifungua moteri ine zimekwaruzwa kama mutu amezisugua na muchanga. Nikasema hii mupya ya binti yangu haitakufa hivyo. Nikatafuta kila mahali majivu inaweza kuingia. Filtre ya hewa, nikaifunga kitambaa, baadaye nikaitoa. Halafu nikaona kale kasanduku keusi ka kushoto, kako na katundu kadogo, hakuna mupira, hakuna kifuniko, kako wazi tu kuelekea inje. Nikasema Wachina wajinga, wamesahau kufunga. Nikachukua mastike, ile ya kuziba radiateri, nikasukuma na gumba. Ikakauka nguvu kama jiwe.

Kumbe ndiyo pua yake.

Nilijua tangu barua yako ya desemba. Uliposema hewa ya Goma, nilijua ni ile niliyofungia mule ndani. Nilikaa nayo wiki tatu. Nikakuandikia mambo ya viboko.

Chukua kitu chembamba, spoki ya tairi ao pini ya nywele ya Charline. Chokonoa mastike yote itoke. Usipulize na mudomo, mate itaingia. Halafu piki itapumua hewa ya pale iko. Fanya LEO. Usingojee niende kukula kwenu.

Usifikiri nimesema kitu kingine zaidi ya haya. Weye bado hujui ambreyaji.

Hategekimana

Tarehe 8. Mama Louise amerudi na hii barua. Amefika karibu na Rwindi, wakamurudisha, njia imefungwa. Watu wa bunduki wamekula samaki wake wote. Anasema wenyeji wa Vitshumbi wanatoka. Nilimuuliza wanatoka na nini, akasema na miguu, papa, watu wanatoka na nini?

Tarehe 11. Viateur amenisaidia kupiga simu kwa Charline mara kumi na moja. Mama wa ndani ya simu anajibu Kifaransa tu, sauti ileile, hana hata haya. Nimemutukana.

Tarehe 15. Hakuna habari.


Butembo, tarehe 30 mars 2024

Papa mukwe,

Tuko hapa kwa mama yangu. Charline muzima, mimba nzima. Naanza na hilo kwa sababu yeye amesema nianze na hilo. Amesema pia niandike kwa upole. Nimejaribu mara tatu, karatasi tatu ziko kwenye moto.

Tulitoka asubuhi ya tarehe 7 mars, pamoja na Vitshumbi yote. Mpaka chini ya Kabasha piki ilijikokota, tukavumilia. Tukaanza kupanda. Kwenye kona ya tatu, moshi mweusi. Kwenye kona ya ine, ikafa, na mvua ikaanza. Nikaivuta pembeni. Watu walitupita, wenye mbuzi, wenye vitanda, bibi mmoja aliyebebwa kwenye kiti. Akaniangalia akiwa kule juu ya mabega ya wajukuu, akasema, «Kijana, na wewe tukubebe?»

Nyuma tulisikia risasi. Charline alikaa juu ya jiwe, akafunika kichwa na sahani ya plastiki, akafungua mfuko wake. Nilifikiri anatafuta rozari. Alikuwa anatafuta barua zako. Akasoma ile ya janvier, akasoma tena, halafu akaniuliza, «Wewe ulimuandikia papa kuna katundu?»

Nikasema, hapana. Nilimuandikia kapteri. Sikujua iko wapi, sikujua ina tundu.

Akasema, «Basi yeye amelijuaje?»

Papa mukwe, nilibaki na mvua inaniingia mudomoni. Nilisoma barua ile mara ngapi? Nilikasirika na viboko na chura, na tundu likanipita. Akatoa pini kwenye nywele zake, akanipa. Nikamuambia, «Na desturi?» Akasema, «Fungua. Mimi ndiye nitampikia akija.»

Nikachokonoa. Ilitoka kipande kimoja, kigumu, kama kokwa. Charline akakishika mkononi, akakigeuza. Upande wa inje kuna alama ya gumba, pana, fupi, bila ncha, na kovu katikati. Alikiweka ndani ya mfuko pamoja na barua.

Nikakanyaga. Piki ikakohoa mara mbili, ikatema moshi wa mwisho, ikanyamaza kidogo kama mutu anayekumbuka jambo, halafu ikashika. Tukapanda mpaka juu bila kusimama. Tulimpita yule bibi wa kiti. Charline alimpungia mkono, mimi sikuthubutu.

Sasa niseme yangu. Mimi ni mukwe, ninyi ni wazazi, najua mahali pa kukaa. Lakini nimetengeneza «vimoteri vya bata» miaka sita, na sijawahi kuziba pua ya kitu nikisema ninakilinda. Ulijua, Papa. Barua yako ilijaa kelele, na kelele yote ilikuwa imesimama mbele ya tundu moja kama mutu anayeficha chupa nyuma ya mgongo. Muke wangu alikaa kwenye mvua na mimba ya miezi saba kwa ajili ya ile kelele. Ningekuwa si mukwe, ningeandika neno moja hapa. Liweke wewe mwenyewe.

Barua hii inaletwa na Ernestine, dada ya mama yangu, anapanda ndege kuja Goma kununua vitenge.

Kambere Zéphirin


Katoyi, tarehe 14 avril 2024

Kambere,

Ernestine wenu amefika. Anaongea kama moteri bila eshapama, ile bomba ya moshi. Amenieleza mulima wote, kona kwa kona, akaongeza na kona zingine ambazo hazikuwako.

Ndani ya hii bahasha utaona barua yangu ya mars, ile Mama Louise alirudisha. Angalia tarehe. Usinijibu kitu juu yake. Angalia tarehe tu.

Neno ulilosema niweke, nimeliweka. Liko sawa na kipimo yangu.

Kazi imepunguka hapa. Nimeita wamotari wote wa injeksio niliowafanyia kinga, moja moja, asubuhi. Katoyi walikuwa kumi na ine, Munigi kumi na saba. Nilianza kuwaambia ni servisi ya Pasaka, zawadi ya muzee. Wa kwanza akashukuru, wa pili akashukuru, wa tatu ni Viateur. Akakaa juu ya jeriken akaniangalia nachokonoa na spoki, akaona alama ya gumba yangu kwa mastike, akasema, «Muzee, hii servisi ya Pasaka inanikumbusha kitu.» Basi nikamuambia ukweli. Alicheka mupaka meno ya dhahabu ikalowa. Sasa Munigi yote inajua. Watoto wakipita hapa wanafunga pua na kidole wanajifanya wanakufa. Vijinga. Baba zao walizaliwa nikiwa na atelie.

Wamebaki wawili walioenda Masisi na hawajarudi. Kila asubuhi nasimama barabarani nasikiliza. Nikisikia moteri inajikwaa nakimbia, ni mwingine.

Mambo ya indongoranyo. Wale wazee watatu wa Rutshuru ni wajinga, na yule wa tatu namujua, alininyima ngazi mwaka wa 87. Lakini fungua. Fungua yote, ekru mupaka ekru, weka alama unayotaka. Njia ikifunguka nitakuja nikule, na Charline asiweke samaki wa chumvi.

Njoo na kale kakibati siku moja. Nataka kuona namba ya hewa ya Goma. Nimeipumua miaka sabini na mbili, sijawahi kuiona.

Na jifunze ambreyaji. Mulima uliupanda kwa sababu piki ni nzuri, si kwa sababu yako.

Ile mastike iko na Charline, abaki nayo. Mutoto akikua akauliza babu yake alikuwa nani, amuoneshe gumba kwanza, maneno baadaye.

Hategekimana Anastase
fundi wa karburateri